Boriti Iliyovunjika na Mkeka Uliochakaa
Somo juu ya kujua wakati wa kuacha



Tumechagua kwa somo hili swali ambalo karibu kila nyumba ya visiwa vyetu inalo, ingawa ni nadra kuulizwa kwa sauti. Kitu kilichowafaa wazee wetu, nasi kikatufaa kwa muda, kisha kikawa hakimfai mtu tena, twakiachilia lini, na kwa njia gani? Wako wanaodhani kwamba swali hili ni la vijana waliochoshwa na mila, na wako wanaodhani kwamba kuliuliza tu ni kuwakosea adabu waliotutangulia. Dhana zote mbili si sahihi. Hili ni suala la elimu, na wanazuoni walikwisha lizungumza zamani sana, tena mahali ambapo mtu hatazamii kulikuta.

1. SUALA LA MKEKA NA BORITI

Katika mlango wa wakfu wa kitabu Minhaj, kilichotungwa na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), mna suala dogo ambalo mwanafunzi hulipita upesi akikimbilia masuala makubwa. Nalo ni hili: mikeka ya msikiti iliyowekwa wakfu ikichakaa, na boriti zake zikivunjika hata zikawa hazifai ila kuchomwa moto, je, yajuzu kuuzwa?

Yatakikana tufahamu uzito wa suala lenyewe. Wakfu katika madhehebu yetu ya Kishafii ni kitu kilichofungwa. Hakiuzwi, hakitolewi zawadi, wala hakirithiwi. Basi mtu angetazamia jawabu liwe fupi: haiuzwi, na iachwe pale pale hata iwe vumbi. Na kweli wako wanazuoni waliosema hivyo. Lakini Imamu Nawawi alieleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yajuzu kuuza, na thamani yake irudi katika maslaha ya msikiti. Sababu waliyoitaja wenye kuisharehe kauli hiyo ni kwamba mkeka huo ukiachwa utapotea bure, na utawabana wanaosali mahali pao. Na thamani hata ikiwa ndogo ni bora kuliko hasara tupu.

Kisha hapo hapo, bila ya kukawia, akaweka mpaka. Msikiti wenyewe ukianguka na ikawa haiwezekani kuujenga tena, mahali pake hapauzwi kwa hali yoyote.

Ndugu zetu, tazameni jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa katika mistari michache. Mkeka waachiliwa, mahali pa kusujudia pasiachiliwe. Mkeka ni chombo cha sala, na chombo kikivunjika huletwa kingine. Lakini lile lililokusudiwa halibadilishwi. Hii ndiyo nguzo ya somo letu lote, na yanayofuata ni sherehe yake: asiyejua kutenganisha chombo na makusudio, ama ataacha vyote viwili, ama atavikumbatia vyote viwili mpaka vimuangukie.

2. HUKUMU HUFUATA SABABU YAKE

Mtu aweza kuuliza: je, Mtume mwenyewe (S.A.W.) aliwahi kuacha jambo aliloliamrisha kwa kuwa sababu yake imekwisha? Naam. Imepokewa katika hadithi zilizo sahihi kwamba mwaka mmoja, wakati wa Idi ya kuchinja, waliingia Madina watu wa majangwani wenye njaa. Mtume akawakataza masahaba kuweka nyama ya dhabihu zaidi ya siku tatu, ili kilichozidi wapewe wale wageni. Mwaka uliofuata masahaba waliendelea kujizuia, mpaka walipouliza. Akawabainishia kwamba katazo lile lilikuwa kwa ajili ya wale waliofika wakati ule, na sasa wale, waweke akiba, na watoe sadaka.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa huruma juu ya mwenye njaa haikuondolewa. Bado sadaka imetajwa. Kilichoondolewa ni njia iliyokuwa imewekwa kwa haja ya mwaka mmoja. La pili ni kwamba masahaba hawakuiacha njia ile kwa dhana zao tu, wala hawakuing'ang'ania wakanyamaza. Waliuliza. Na kuuliza ndiko kunakotupungukia sisi, kwani mengi tunayoyashika hatujui yaliwekwa kwa nini, na mengi tuliyoyatupa tuliyatupa kabla ya kujua.

3. SHIRAA

Sasa tutoke katika vitabu tuingie katika njia zetu za Lamu.

Mabibi wa nyumba za waungwana wa Lamu, zamani za babu na bibi zetu, walikuwa hawatembei mchana njiani ila ndani ya shiraa. Neno lenyewe kwa Kiarabu ni tanga la chombo, na kitu chenyewe kilikuwa ni kitambaa kipana kilichoinuliwa juu ya miti, mfano wa hema lisilo na sakafu. Bibi alikuwa katikati, haonekani uso wala umbo, na waliokuwa wakiishika miti na kwenda pamoja naye ni wajakazi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kwa hiyo shiraa ikipita, wapitao walijibanza ukutani.

Makusudio yake tukiulizwa twajibu mara moja: ni sitara. Na sitara ni jambo jema, hatuna neno juu yake. Lakini tukiutazama ukweli kwa insafu, twaona kwamba shiraa ilibeba mzigo wa pili ambao si sitara. Ilimwambia kila aliyeiona: huyu ndani ana watu wa kumshikia. Wale wajakazi waliokuwa wakiishika walikuwa wenyewe wanawake, nao walikuwa wakitembea wazi. Ikiwa sitara ni haki ya mwanamke kwa kuwa ni mwanamke, basi hawa walinyimwa haki hiyo na kitu kile kile kilichodaiwa kuwekwa kwa ajili yake.

Mwaka 1907 hukumu ya utumwa ilifutwa katika mwambao huu uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja na kutawaliwa na Waingereza. Nani sasa wa kushika miti? Shiraa haikupigwa marufuku na mwanachuoni, wala haikuchomwa moto na adui wa mila. Mikono iliyokuwa ikiishika ilikuwa huru, na kitambaa kikashuka. Katika miaka iliyofuata likaenea buibui jeusi, ambalo mwanamke hulivaa mwenyewe bila ya kushikiwa na mtu, na ambalo bibi wa jumba la Mkomani na mama muuza mahamri waliweza kulivaa sawasawa.

Twaomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika mabadiliko haya sitara haikupungua, bali ilizidi, kwani iliwafikia waliokuwa hawana. Kilichopotea ni kule kujitambulisha kwa utukufu. Na hapana shaka wako waliolia kwamba heshima ya mji imekwisha, maana kwao heshima na miti ya shiraa vilikuwa vimeshonwa pamoja. Leo hata buibui la zamani limepisha lile la mfano wa abaya litokalo nchi za Ghuba, na hatuoni mtu akidai kwamba dini imeondoka kwa mshono kubadilika.

Basi katika kila kitu kinachotuwia kizito kukiacha, swali la kwanza la kuiuliza nafsi ni hili: ninachokiogopea kupotea ni makusudio ya kitu hiki, au ni yale ambayo kitu hiki huyasema juu yangu mbele za watu?

4. MTEPE

Mfano wa pili tunauchukua baharini, kwani haukuchanganyika na fahari kama ule wa kwanza, na kwa hiyo ni mwepesi zaidi kuupima.

Visiwa vyetu vilisifika kwa mtepe, chombo kilichoundwa bila ya msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la jamvi lililosukwa, la pembe nne. Kilikuwa na fadhila zake. Mbao zilizoshonwa hunyumbulika, kwa hiyo kikipanda fungu la mchanga hakivunjiki upesi kama chombo kigumu. Na kila kilichotakikana kukiunda kilipatikana papa hapa, mnazi na mkoko na ukili, bila ya kununua chuma kutoka mbali.

Lakini kilikuwa na taabu zake pia. Maji yalipenya katika matundu ya kamba, na mabaharia walikuwa hawana budi kuyafua safari nzima. Kamba zilioza, ikapasa kukishona upya mara kwa mara. Na tanga la pembe nne halikuweza kukabili upepo kama lifanyavyo tanga la jahazi. Misumari ilipokuwa rahisi kupatikana na jahazi likazidi kuenea, mtepe ukarudi nyuma, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka kabisa katika bahari yetu.

Je, mafundi walikufa na mtepe? La. Ujuzi wa kuchagua mti, wa kupinda ubao, wa kuipima mbavu ya chombo kwa jicho, ulihamia katika majahazi, na mpaka leo mwenye kwenda Matondoni huwakuta mafundi. Fundi aliyesema, "Mimi ni mshona mitepe, sijui jingine," huyo alikosa kazi. Aliyesema, "Mimi ni muunda vyombo," huyo aliendelea. Ikumbukwe kwamba tofauti baina yao si ya ujuzi wa mkono. Ni ya jina ambalo kila mmoja alijiita, kwani wa kwanza alijiita kwa chombo, na wa pili akajiita kwa makusudio.

5. NGOME

Mfano wa tatu ni kwa wale wanaodhani kwamba kuacha maana yake ni kubomoa.

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821. Ilijengwa kuulinda mji na kuwaweka askari. Wakati wa hatari ile ulipopita, ikafanywa gereza, nayo ikakaa hivyo tangu mwaka 1910 hata mwaka 1984. Kisha gereza likaondoka, na jengo likakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, nalo likawa mahali pa elimu na mikutano ya watu wa mji. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu wote uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Haja ya vita ilikwisha, na haja ya gereza ikaondoka pahali pale; kuta zimebaki. Lau zingebomolewa siku ya kwanza ilipoonekana kwamba hazina kazi, leo tungekuwa na uwanja mtupu. Kwa hiyo kabla ya mtu kusema "kitu hiki hakina faida", na aangalie vyema: je, kitu chenyewe ndicho kilichokwisha, au ni matumizi yake tu? Mara nyingi linalopasa kuachwa ni matumizi.

6. NYUMBA ISIYOGAWANYWA

Sasa tumefikia mahali panapotuuma, na ambapo kwa ajili yake hasa tumeandika somo hili.

Kila aliyezaliwa Lamu aijua nyumba ya mawe ya kale: kuta nene za matumbawe na chokaa, zidaka zilizopangwa ukutani katika ndani, na juu dari la boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Nyumba hii ina nguvu sana maadamu sakafu ya juu yatunzwa. Chokaa ikipasuka na mvua ya masika ikapenya, boriti huanza kuoza kwa ndani, mahali pasipoonekana. Na boriti ikivunjika, ukuta nao hupoteza kilichokuwa kikiushika.

Mwandishi wa maneno haya aijua nyumba moja, na wenyewe hatuwataji. Babu alikufa akaacha wana wanne. Wana hawakugawanya, wakaona haya kuyagawa mali ya baba angali mbichi kaburini. Haya hiyo ilikuwa njema kwa mwezi mmoja au miwili. Ikaendelea miaka thelathini. Mmoja alikuwa Mombasa, mmoja alikwenda Arabuni, wawili wakafa. Kila mtu alipoulizwa alijibu kwa jawabu moja: nyumba ya babu haiuzwi. Na kila mtu alipoombwa mchango wa chokaa na boriti alijibu: mimi sikai humo. Aliyekuwa akikaa humo ni bibi mmoja mkongwe, mjane wa mmoja wa wale waliokufa, naye alilala chini ya boriti iliyopasuka, iliyotegemezwa kwa mti uliosimamishwa kati ya chumba. Usiku mmoja wa masika dari likaanguka juu ya kitanda chake. Mungu alimuepusha kwa kuwa usiku ule alikuwa matangani kwa jirani.

Alipoulizwa asubuhi kwa nini hakuhama, alijibu kwa upole, "Mwanangu, ningehama wangesema nimeitupa nyumba ya watu."

Ndugu zetu, hebu tuitazame nyumba hii kwa ilimu ya mirathi, maana hesabu haina haya. Babu aliacha wana wanne wa kiume, na hana mrithi mwingine. Kila mmoja ana robo. Mmoja wa wana akafa, akaacha mjane, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Hii ndiyo ambayo wanazuoni wa mirathi huiita munasakha, yaani kufa mrithi kabla mali haijagawanywa. Mjane ana thumuni ya ile robo. Baki hugawanywa, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Tukiifanya nyumba nzima kuwa sehemu 256, robo ya marehemu ni 64. Mjane apata 8, kila mwana wa kiume 14, na kila binti 7. Ni kufa mara moja tu, na tayari binti ana sehemu 7 katika 256. Akifa naye na kuacha watoto, sehemu hizo 7 zitapasuliwa tena.

Mtu hukaaje katika sehemu 7 za 256 za nyumba? Hawezi kulala humo, hawezi kupangisha, hawezi kukarabati. Haki yake ipo katika vitabu, na mkononi mwake haimo. Na aghalabu mwenye sehemu hizo ni mwanamke, au ni yatima, au ni aliye mbali asiyejua hata kwamba ana haki. Mwenyezi Mungu amezitaja sehemu hizi kwa hesabu katika Surat an-Nisaa, wala hakuziachia rai za watu. Basi anayesema "nyumba haigawanywi kwa heshima ya babu" na ajiulize kama babu ataheshimika kwa binti wa mwanawe kunyimwa fungu lake.

Hapa makusudio na chombo vimechanganyika kama vilivyochanganyika katika shiraa. Makusudio ya babu alipojenga yalikuwa ni kuwasitiri wanawe na kuwaweka pamoja. Nyumba ikiwa sasa yaangukia mjane, na wana hawasemezani kwa ajili yake, basi inavunja kile ilichojengewa. Anayeiachilia kwa njia njema ndiye aliye karibu zaidi na nia ya babu kuliko anayeishikilia.

Na kuachilia kuna njia nyingi, si kuuza kwa mgeni peke yake, kama watu wanavyoogopa. Mrithi mmoja mwenye uwezo aweza kununua sehemu za wenziwe kwa thamani ya haki, nyumba ikabaki ya ukoo. Warithi waweza kukubaliana kupangisha, kodi itengeneze dari kwanza, kisha kinachobaki kigawanywe kwa sehemu zao. Waweza kwa ridhaa ya wote walio wakubwa kuiweka wakfu, ikawa chuo au nyumba ya wasafiri wa elimu. Lakini fungu la yatima haliguswi katika hilo mpaka abaleghe na kuwa na akili ya mali. Na kama haiwezekani moja katika haya, iuzwe ingali imesimama, kila mtu apewe chake. Kungoja mpaka iwe kifusi ndiyo njia moja tu ambayo haina faida kwa yeyote.

7. MIZANI YA MASWALI MANNE

Kutokana na tuliyoyaeleza, twaweza kufanya mizani ambayo kila mtu ataiweka mbele yake, ikiwa jambo ni nyumba, au kazi, au ada ya arusi inayowatia vijana katika deni, au shirika la biashara, au hata urafiki ambao umebaki jina.

Kwanza: Kitu hiki kiliwekwa kwa makusudio gani? Asiyejua na aulize wakubwa, kama walivyouliza masahaba juu ya ile nyama.

Pili: Je, makusudio hayo bado yanatimia kwa kitu hiki, au yamekwisha hamia mahali pengine, kama sitara ilivyohama kutoka shiraa kwenda buibui?

Tatu: Ni nani anayelipa gharama ya kukishika kwangu? Katika shiraa walilipa wajakazi. Katika nyumba ile alilipa mjane. Mara nyingi aonaye uzito wa kuacha siye abebaye uzito wa kushika.

Nne: Nikikiachilia, chaweza kumfaa mwingine, au kufaa kwa matumizi mengine, kama Ngome? Ikiwa chaweza, basi kukiacha kioze ni ubadhirifu.

8. TAHADHARI

Hatutaki maneno yetu yachukuliwe yasipopelekwa. Tahadhari ni tatu.

Ya kwanza: yako mambo ambayo si mikeka wala boriti. Haki za wazazi, ahadi, amana, sala, ukoo. Haya hayachakai, na anayeyaacha kwa kusema kwamba "hayanifai tena" amejifanya yeye mwenyewe kuwa ndiye makusudio. Mama aliyezeeka hana faida ya kazi nyumbani, na ndipo haki yake inapokuwa kubwa zaidi. Kipimo cha kufaa hupimiwa vyombo, hakipimiwi watu.

Ya pili: anayetoa asitoe kwa namna ya kutupa. Qurani imetuonya katika Surat al-Baqara tusikusudie kutoa vile vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Nguo iachiliwe ingali nguo. Mwenye kungoja iwe tambara ndipo ampe maskini, huyo hakuacha kitu; amehamisha taka.

Ya tatu: mtu asiharakishe. Boriti aliyoitaja Imamu Nawawi si ile iliyopoteza rangi, ni iliyovunjika ikawa haifai ila kwa kuni. Kuchoka kwetu na kitu si dalili kwamba kimekwisha. Na kinyume chake, kuzoea kwetu kitu si dalili kwamba bado chafaa.

KHATIMA

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi, aliutazama mji wa Pate uliokuwa na majumba makubwa na watu wakubwa, akaiambia nafsi yake izingatie yaliyowapata. Magofu hayo yangalipo, nasi hupita karibu nayo tukenda Faza na Siyu. Wenye majumba yale hawakuulizwa kama wako tayari kuyaacha. Kila kitu tulicho nacho kitatutoka siku moja, na khiari tuliyopewa ni ndogo: ama tukiachilie wenyewe kingali na faida kwa mtu, ama kituache sisi baada ya kumdhuru mtu. Mjane yule sasa akaa kwa mwanawe. Warithi walikutana mwaka uliofuata, wakagawana mawe na kiwanja kwa thamani ya mawe na kiwanja. Lau wangekutana miaka kumi nyuma, wangegawana nyumba.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuyaona hayo kabla ya masika. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini Imamu Nawawi alitenganisha baina ya mkeka wa msikiti na mahali pa msikiti? Eleza kwa maneno yako.

2. Taja katika shiraa makusudio mawili, moja la haki na moja la fahari. Kisha taja kitu kimoja cha zama zetu chenye makusudio mawili kama hayo.

3. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Nyumba yake ifanywe sehemu 40. Kila mmoja ana sehemu ngapi? Kabla mali kugawanywa akafa mwana mmoja, akaacha binti mmoja, na mama yake na ndugu zake wangali hai. Ufanye hesabu na mwalimu wako, na uangalie jinsi sehemu zinavyozidi kuwa ndogo.

4. Katika nyumba yenu, ni kitu gani ambacho mwamshikisha mtu mwingine miti yake?